Silabi Iliyomezwa

Antwerp, chumba namba saba, Jumanne ya mvua nyembamba.
Kielelezo cha kwanza kimekuja kwa picha tu:
kilo themanini na sita, matofali meupe
nyuma ya mashine ya baridi ya kontena la ndizi,
kila tofali na chapa ya jogoo.

Mimi ni mkalimani.
Kiapo changu kifupi: nisiongeze, nisipunguze.
Miaka kumi na tisa nasema "mimi" na si mimi:
mimi niliyepiga, mimi niliyeiba,
mimi niliyekuwa nimelala usiku ule, muulizeni mke wangu.
Sauti yangu wameipanga wengi
wakahama bila kufagia.

Leo mpangaji ni Wilmer Quiñónez,
fundi wa majokofu melini, mzaliwa wa Esmeraldas,
kule ambako neno huanza kusemwa
na mkia wake humezwa.
Namwelewa. Nami ni wa pwani hiyo hiyo.

Kabla yake amesimama Stijn, mpakiaji wa bandarini,
aliyeuza namba ya siri ya kontena
akanunua jiko jipya la umeme.
Wakili wake alilitaja jiko mara sita,
ungedhani ndilo lililoshtakiwa.
Aliyewatuma wote wawili hana hata kiti humu;
ndani ya jalada ni herufi moja na nukta.

Jaji De Roeck ana kikohozi.
Anamenya pipi ya mnanaa polepole,
karatasi inalia chumba kizima,
kisha anauliza:
Ulijua kilichokuwa nyuma ya mashine?

Nageuza swali. Linafika.
Wilmer anatazama viganja vyake.
Anajibu kwa neno moja,
na katikati ya neno anameza mate.

Nilijua.
Au ningalijua.
Kasilabi kamoja, kembamba kuliko ile karatasi ya pipi:
kakiwemo, ni mtu anayejuta;
kakikosekana, ni miaka kumi.
Ningalijua huja baadaye, watu husema.
Hii haijaja wala haijakosa kuja,
imekwama kooni mwa fundi.

Mwendesha mashtaka ameshashika kalamu.
Wakili wa utetezi ananitupia jicho
kama mtu mezani anayeomba apitishiwe chumvi.
Nami, Mungu anisamehe, nimekasikia.
Nadhani nimekasikia.
Au nimekataka, ndipo nikakasikia,
maana kaka yangu Eudoro alipakia makasha kama hayo
katika gati la kwetu, Guayaquil,
hadi asubuhi aliyokataa.
Siku ya tatu tuliletewa kiatu.

Kiapo hakina mlango wa kuingizia kaka.

"Mheshimiwa, mkalimani anaomba jibu lirudiwe."
Ndivyo tulivyofundishwa kujitaja.
Tangu asubuhi sijasema neno langu mwenyewe,
na hili la kwanza
nimejiita "yeye".

Wilmer anainua kichwa. Sasa anasema taratibu,
kama anayemwelekeza mgeni njia:
"Nilijua si ndizi.
Waliniambia nifungue skrubu nane, nifunge skrubu nane.
Nilihesabu skrubu.
Kingine sikukihesabu."

Nikaitoa yote, na skrubu zote nane,
kwa Kiholanzi kilichonyooka, kwa "mimi".
Jaji akaandika. Aliponyanyua macho
hakumtazama yeye, alinitazama mimi.
Huwa wanasahau.

Hukumu ni baada ya wiki sita.

Jioni, dukani karibu na kituo cha tramu,
ndizi zilikuwa zimeshushwa bei.
Nikasimama, nikasoma kibandiko, nikaondoka.
Nyumbani Maite, binti yangu, alikuwa amelaza daftari kwenye unga,
akauliza bila kugeuka:
"Leo umesema nini huko kortini?"

Nikafungua mdomo nimjibu.
Nikameza mate.